Kunguni wa Zamu ya Usiku

Kitanda kilikuwa kimoja, wenyewe wawili. Mmoja alikilalia usiku, mwingine mchana, na hawakuwahi kukutana juu yake hata siku moja. Anayetoka kazini aliingia kitandani, anayetoka kitandani aliingia kazini, na godoro katikati halikupata kupoa. Laiti lingekuwa na mdomo, lingesema kwamba katika bweni lile hakuna aliyenyonywa kama lenyewe, maana binadamu angalau walipokezana.

Mwenye zamu ya mchana aliitwa Nadhifu. Wazazi wake walimpa jina jingine, zuri tu, lakini hilo walibaki nalo kwao. Hili alibandikwa na wenzake wa bwenini, na usidhani walimsifu. Alikuwa na tabia ya kukung'uta shuka mpaka watu wa chumba cha pili wakadhani mtu anapigwa. Kandambili zake zilikaa chini ya kitanda zikiwa sambamba, zimetazama mlangoni. Sanduku lake alilitandikia kitambaa, na kitambaa alikipiga pasi. Kwao, nchi ya mbali ambayo hata ndege hufika imechoka, alikuwa na chumba chake na kitanda chake, hakiguswi hata na mdogo wake. Alikuja huku kutafuta riziki, na riziki ikamwambia asogee kidogo, kuna mwenzake.

Huyo mwenzake hakumjua. Alimwita Kunguni, kwa sababu kiumbe anayekaa kitandani mwako bila kukaribishwa na bila kuonekana, yeye Nadhifu hakumjulia jina jingine. Kila jioni akirudi alikuta alama za Kunguni: blanketi limegeuzwa, upande wa miguuni uko kichwani, mto umekunjwa mara mbili kama mkate, na makombo ya biskuti. Makombo hasa ndiyo yaliyomtoa roho. Aliyakusanya moja moja kwa ncha ya kidole huku akiapa, na bado saa ambayo usingizi umeanza kunoga, kombo moja lililofichama lingemchoma ubavuni.

Utasema, si angeuliza tu ni nani? Bweni lilijaa watu na watu wana midomo. Lakini Nadhifu hakuuliza. Adui asiye na sura ni rahisi zaidi kumchukia. Ukishamwona utakuta naye ana mafua, ana jino bovu, ana mama anayemngoja, na hasira yako yote inaharibika. Nadhifu aliipenda hasira yake na hakutaka iharibike.

Kazi yao wote, wa usiku na wa mchana, ilikuwa kupiga pasi mashuka ya mahoteli. Malori yaliyaleta yamejaa mikunjo ya usingizi wa watu wengine, nao wakayapitisha kwenye mashine yenye mapipa marefu ya moto yanayozunguka, yakatokea upande wa pili yamenyooka. Vitanda walivyovitandikia mji mzima havihesabiki. Vya kwao wenyewe ndivyo vilivyopungua. Mkataba ulitaja siku ya mapumziko kila juma, na siku hiyo haikuja, na ukifikiri kidogo utaona ni kwa nini: ikija, wenye kitanda watakutana. Kuugua nako kulikuwa na matata yale yale. Mwenzao mmoja alishikwa na homa katikati ya zamu, akarudishwa bwenini, akakuta kitanda kina mtu. Wakampangia masanduku, akatetemekea juu yake mpaka mwenye usingizi alipoamka. Baadaye walimcheka kwa sababu kufuli la sanduku lilimwachia alama mgongoni. Walicheka sana, na hakuna aliyekuwa na raha.

Raha ya Nadhifu kule kazini ilikuwa Shangazi. Huyu alikuwa mwanamke mpana wa zamu ya usiku, aliyejiingiza katika mambo ya kila mtu kwa haki ya ushangazi ambayo hakuna aliyempa. Walishika mashine moja. Alfajiri Nadhifu alipofika, Shangazi alikuwa anamaliza, na kulikuwa na desturi ya kiwandani: shuka la mwisho la zamu hukunjwa kwa mikono, anayetoka akishika ncha mbili na anayeingia mbili, ili anayeingia aone mwenyewe kwamba mashine haijaunguza wala kuchafua. Waliliita shuka la makabidhiano. Wengine walilikunja chapuchapu wakaachana. Wao wawili walilikunja taratibu mno, kwa sababu ndio ulikuwa muda wao pekee wa kupiga soga.

"Haya," Shangazi angesema, akinyoosha ncha zake. "Kunguni wako kaamkaje?"

"Usiniulize, Shangazi."

"Sikuulizi. Niambie tu."

"Jana makombo hayakuwa ya kukung'uta, yalikuwa ya kufagia. Ningekuwa na kuku ningewashibisha."

"Maskini. Labda ana njaa."

"Mwenye njaa habakizi."

Hapo wanasogeleana, ncha kwa ncha, wanarudi nyuma tena. "Na mto?"

"Kaukunja. Mtu gani anakunja mto? Shingo yake ina urefu gani huyo?"

Shangazi alicheka mpaka shuka likatikisika na kukunja ikabidi kuanze upya. Kisha aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa biskuti za tangawizi, akampa. Nadhifu alizila akisubiri mashine ipate moto, na kila siku alisema vilevile, kwamba hajapata kula biskuti tamu kama hizi. Naye kwa upande wake alimpa Shangazi dawa yake ya kuchua, ile ya kopo la bati yenye harufu ya kupasua pua, ajipake magotini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenzangu msomaji umeshaelewa, na bweni zima lilikuwa limeelewa tangu zamani, na wafagizi wa kiwandani, na dereva wa basi. Aliyekuwa hajaelewa alikuwa mmoja tu.

Sasa siku moja Nadhifu alilala juu ya kombo, akaamka na shingo iliyopinda, akaona maji yamezidi unga. Akaenda ofisini kwa msimamizi.

Msimamizi alikuwa bwana mwembamba aliyeitwa Bwana Taratibu, kwa sababu ya msemo wake kwamba kila kitu kina taratibu zake. Ukimwomba maji ya kunywa kuna taratibu. Ukimwuliza siku ya mapumziko kuna taratibu, na taratibu yenyewe inashughulikiwa. Siku hiyo, badala ya kumfukuza Nadhifu mlangoni, alimvutia kiti. Kiti hicho kingemshtua mtu mwenye akili zake. Hoteli moja kubwa ilikuwa imehamishia mashuka yake kwingine, na Bwana Taratibu alikuwa ameagizwa apunguze mtu wa usiku, naye alikuwa akitafuta sababu kama mtu anavyotafuta miwani iliyo kichwani mwake.

"Unasema anakuchafulia kitanda," alisema kwa upole. "Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Kuchafua malazi ya mwenzako ni kosa la kurudishwa kwao. Taratibu ziko wazi."

Nadhifu alisita. Alijua kurudishwa kwao ni nini. Ni kuteremka ndegeni mikono mitupu mbele ya ukoo ule ule uliokusindikiza kwa vigelegele. "Mimi nilitaka aambiwe tu," alisema.

"Akirudishwa, simleti mwingine. Utalala peke yako. Unataka au hutaki?"

Peke yake. Kitanda chake, mto wake, shuka lililobaki vile alivyoliacha asubuhi. Tangu afike nchi ile hakuna mtu aliyemwuliza anataka nini, na swali hilo lilimlevya. Akajiambia Kunguni si mtu, ni makombo. Akasema anataka.

Kesho yake alfajiri alilishika shuka la makabidhiano akiwa anatabasamu peke yake. "Shangazi, nina habari. Nimemshitaki."

"Nani?"

"Kunguni wangu. Anarudishwa kwao. Keshokutwa mkaguzi wa kazi anakuja kutazama bweni, akishaondoka tu na yeye anapandishwa ndege."

Shangazi hakucheka. Alisimama na ncha zake mbili mkononi, shuka likalegea katikati mpaka likagusa sakafu, jambo ambalo halikuwahi kutokea mikononi mwake. Kisha akalivuta, wakalimaliza kulikunja kona kwa kona. Akaingiza mkono kwenye aproni akatoa pakiti nzima.

"Chukua zote."

"Zote? Na wewe?"

"Mimi sitazihitaji. Ila usizile kitandani," alisema Shangazi, akaenda zake kupanda basi.

Nadhifu alilishangaa neno hilo mchana kutwa. Jioni, amekwisha kuoga na kujichua miguu na shingo, alikaa kitandani akaitazama ile pakiti. Yeye hakuwahi kula kitandani maishani mwake. Lakini nani wa kumkataza, na kitanda karibu kiwe chake? Akafungua, akang'ata, na kombo likaanguka juu ya shuka. Aliliokota kwa ncha ya kidole kama alivyozoea. Pembeni yake palikuwa na lingine, la Kunguni, la mchana ule. Akaliokota na hilo. Akayaweka yote mawili kiganjani, akayanusa. Tangawizi. Akanusa tena.

Aliyekuwa akisuka nywele aliacha kusuka, aliyekuwa akifua soksi kwenye ndoo aliacha mikono ndani ya maji. Kutoka kitanda cha juu yake kichwa cha mwenzao waliyemwita Dada wa Juu kikaning'inia chini taratibu.

"Imefika?" Dada wa Juu akauliza.

"Nini?"

"Akili."

Nadhifu aliwatazama wote. "Mlijua?"

"Bweni zima. Hata dereva."

"Mbona hamkuniambia?"

"Redio yetu iliharibika zamani," alisema Dada wa Juu. "Tulibaki na nyinyi wawili tu."

Siku nyingine Nadhifu angewagombeza wote chumba kwa chumba. Siku hiyo hakuweza. Aliona aibu. Alimkumbuka Shangazi akimpa biskuti na yeye akimtukania tabia zake palepale, mdomo umejaa. Akaukumbatia mto ule uliokunjwa, akalia, na alipolia alihisi mto unanuka dawa yake mwenyewe ya kuchua, inanuka vibaya sana, na alikuwa hajawahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anailalia.

Alfajiri walishika shuka. Wakasogeleana mara ya kwanza, wakarudi nyuma. Mara ya pili Nadhifu akashindwa kujizuia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponitajia habari za mto," alisema Shangazi. "Naukunja nilalie upande wa ndani. Wa nje unanuka dawa yako mpaka macho yanatoka machozi."

"Na ukaniacha nikutukane hivihivi, uso kwa uso?"

"Unatukana vizuri, mwenzangu. Usiku wa hapa mrefu, mashine inanguruma, huna wa kusema naye. Nilikuwa nangoja kupambazuke nisikie leo nimefanya nini."

"Kwa hiyo yale makombo..."

"Mengine yalianguka yenyewe," alisema Shangazi. "Mengine nilikuongezea, upate la kusema."

Nadhifu alicheka na machozi yakamtoka hapohapo, vyote pamoja, na shuka la hoteli likapata matone mawili. "Nitakwenda kuyatoa yale malalamiko," alisema. "Leo hii."

Alikwenda. Bwana Taratibu safari hii hakumpa kiti.

"Malalamiko yakiingia hayatoki," alisema.

"Mimi ndiye niliyeyaingiza."

"Kuingiza ni haki yako. Kutoa kunataka taratibu, na taratibu hiyo hatuna."

Na ili isije ikaonekana kwamba anatania, akawasha kipaza sauti cha kiwandani, akakohoa, akatangaza kwamba anayelalia kitanda cha chini kilicho dirishani, zamu ya usiku, amekutwa na kosa la kumchafulia malazi mwenzake wa zamu ya mchana, na kwamba tiketi yake ya kurudi kwao imekwisha kukatwa. Kiwanda kizima kilisikia. Wengine walimgeukia Nadhifu, kisha wakarudia mashuka yao. Angependa wangemtukana.

Jioni ile aliporudi bwenini hakukung'uta shuka. Alisimama katikati ya chumba.

"Mimi ndiye niliyemponza Shangazi," alisema.

"Tunajua," alisema Dada wa Juu. "Tunangoja utuambie tunafanya nini."

Nadhifu alikuwa hajui wanafanya nini. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta chawa, na macho yake yakaangukia lile tangazo la Bwana Taratibu lililobandikwa mlangoni, ambalo walilipita kila siku bila kulisoma: KILA MFANYAKAZI ALALE KWENYE KITANDA ALICHOPANGIWA. Akalisoma mara mbili. Kisha akawauliza wenzake mkaguzi anakuja saa ngapi.

"Kesho, kabla ya adhuhuri," walimjibu. "Wa usiku wakiwa wamelala, sisi tuko kazini. Kila kitanda mtu mmoja, safi kabisa. Ndivyo Bwana Taratibu anavyofanya kila mwaka."

"Na mimi kitanda changu kipi?"

"Si ndicho hicho?"

"Basi kesho nataka kukilalia," alisema Nadhifu. "Mkaguzi akija anikute nimefuata tangazo."

Kisha mmoja, mwoga kuliko wote, akauliza lililokuwa moyoni mwa kila mtu: wakifukuzwa wote je?

"Wakitufukuza wote mashuka atanyoosha nani?" alisema Dada wa Juu. "Yeye? Yule bwana hata leso inamshinda."

Hilo halikuwa hakikisho, walilijua hilo. Kampuni ingeweza kuleta watu wengine. Huko walikotoka hawakupungua. Nadhifu alilala na hofu usiku ule na aliamka nayo. Lakini habari zilivuka alfajiri kwa njia ile ile ziliyozoea kuvukia, kwenye mashuka ya makabidhiano. Kila wa mchana alimnong'oneza wa usiku wake, wakisogeleana na kurudi nyuma, na mashuka yalikunjwa vizuri ajabu asubuhi hiyo, hakuna lililokwenda upande. Walipomaliza, Nadhifu akaizima mashine. Na mwingine akazima yake, na mwingine. Ule mngurumo uliokuwa masikioni mwao tangu wafike ukakatika, wakasikia bomba la maji linalovuja kule kona, na hakuna aliyejua kabla ya hapo kwamba lilikuwa linavuja.

Wakatoka nje pamoja, wa usiku na wa mchana, Bwana Taratibu akiwa amekwenda kumpokea mkaguzi, wakapanda basi moja. Waliokosa viti walikalia mapaja ya waliopata.

"Mmezidi," alisema dereva, naye alikuwa mgeni wa nchi ile kama wao.

"Tumezoea," alisema Shangazi.

Dereva alifikiri kidogo. Yeye naye alikuwa na kitanda mahali fulani, na mwenzake. "Mimi kazi yangu kuendesha," alisema, akafunga mlango.

Bwenini walivaa nguo za kulalia, wakajilaza wawili wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, mablanketi mpaka kidevuni. Walinyoosha kila kona. Kuhusu hilo Nadhifu alisimamia mwenyewe, kitanda kwa kitanda, kwa sababu alisema kama ni kufukuzwa basi wasifukuzwe na makunyanzi. Kisha akaingia chake. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wenye kitanda kile kukutana juu yake.

"Miguu yako ya baridi," alisema Nadhifu.

"Yako inanuka."

"Shangazi, naogopa."

"Na mimi," alisema Shangazi kutoka upande wa pili. "Nyamaza, wanakuja."

Mlango ulifunguka. Sauti ya Bwana Taratibu ilitangulia, ikisema kwamba hapa kila mfanyakazi ana kitanda chake, na kwamba wa mchana wote wako kazini, na kwamba angeomba watembee polepole wasiwaamshe waliolala. Nyuma yake aliingia mkaguzi, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa na viatu vilivyokwisha soli upande mmoja. Alikuwa amekagua mabweni mengi, na mabweni yote aliyoyakagua yalikuwa mazuri kabisa, jambo ambalo lilikuwa limeanza kumsumbua.

"Hamjambo?" alisema.

"Hatujambo," kikajibu chumba kizima, kutoka pande zote mbili za kila kitanda.

Bwana Taratibu alirudi hatua moja, akaanza kuhesabu vichwa.

"Huyu ni nani?" aliuliza mkaguzi, amesimama mbele ya kitanda cha kwanza.

"Mwenye kitanda," alijibu wa kichwani.

"Na huyu?"

"Mwenye kitanda," alijibu wa miguuni.

"Wametembeleana," alisema Bwana Taratibu. "Hawa wa kwetu wanapendana sana. Huyu wa chumba cha pili."

Mkaguzi alitoka, akaenda chumba cha pili. Wakamsikia akisema hamjambo, na wakasikia jibu lake. Akarudi.

"Na wale wa chumba cha pili," aliuliza, "wametembelewa na nani?"

Hapo Nadhifu akainuka, akakaa. "Mama mkaguzi, kitanda hiki changu mimi, ni cha huyu pia. Yeye akilala mimi niko kazini, mimi nikilala yeye yuko kazini. Hatuna siku ya kupumzika kwa sababu hatuna pa kupumzikia. Majuzi nilimshitaki kwa huyu bwana kwamba ananimwagia makombo kitandani. Bwana akayapokea malalamiko yangu, akayatangaza kwa kipaza sauti, na amemkatia mwenzangu tiketi ya kumrudisha kwao. Jana nilikwenda kuyatoa, akaniambia yakiingia hayatoki."

Mkaguzi alimgeukia Bwana Taratibu. "Ni kweli ulipokea malalamiko hayo?"

Ilikuwa raha kumtazama akiwaza. Akisema ndiyo, basi alijua fika kwamba kitanda kimoja kina watu wawili, na hayo ya kutembeleana aliyatoa wapi? Akisema siyo, basi Shangazi hana kosa. Alitazama dirisha, akatazama lile tangazo lake la mlangoni, ambalo lote lilikuwa limetekelezwa.

"Hakuna malalamiko," alisema.

"Hayapo kabisa?"

"Hayapo."

"Basi huyu mama harudishwi popote."

"Harudishwi."

Chini ya blanketi Shangazi alimfinya Nadhifu kidole cha mguu, akakishikilia, hakukiachia.

"Vizuri," alisema mkaguzi, akavuta sanduku akakaa juu yake na kufungua mkoba. "Sasa nionyeshe vitanda vingine viko wapi."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Bwana Taratibu alichutama kweli, akachungulia uvunguni, kana kwamba huenda vitanda vya zamu ya mchana vilikuwa vimesahauliwa humo. Akaona kandambili tu, sambamba, zimetazama mlangoni.

Nisikudanganye kwamba dunia iligeuka peponi. Vitanda vililetwa, vya chuma chembamba, vikilia kila ukigeuka. Jengo la pembeni lililokuwa stoo likafunguliwa, likapakwa rangi upande unaoonekana. Siku ya mapumziko ikaanza kuja, mara nyingine inafika, mara nyingine inachechemea, na ikichechemea wanazima mashine kidogo ili kumkumbusha anayehusika. Bwana Taratibu alibaki na msemo wake, ila alipunguza kukitumia kipaza sauti.

Nadhifu alipewa kitanda kipya, ubavuni mwa kile cha zamani alichobaki nacho Shangazi. Jioni ya kwanza alikitandika kwa muda mrefu. Godoro halikuwa na bonde la mtu yeyote. Mto ulikuwa haujakunjwa. Akaingia, akajinyoosha pande zote bila kumkosea mtu, na shuka lilikuwa la baridi kutoka kichwani mpaka miguuni, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelilalia. Alikuwa amelitamani jambo hilo kuliko kitu chochote katika nchi ile. Alilala chali macho makavu, akitazama kitanda cha Shangazi kilichokuwa kitupu, mwenyewe yuko kwenye mashine. Akageuka huku, akageuka kule. Baridi haikwisha na usingizi haukuja.

Kisha kitu kikamchoma ubavuni. Akapapasa chini yake, akakinasa kwa ncha ya kidole, akakinusa: kombo la tangawizi.

"Kunguni huyu," alisema, akaapa kidogo kama ilivyokuwa desturi yake, akalitia mdomoni. Kabla halijayeyuka alikuwa amelala.